Uliza Tukujibu: "Makala za watoto zimefutwa, sasa nifanyeje?"

Toleo lililopita nilidokeza kwa mistari miwili tu kwamba Jumamosi huwa nakaa na vijana wa klabu moja ya sekondari tunahariri Wikipedia ya Kiswahili, nikajua yameishia hapo, kumbe ndo nimewasha moto, simu haijapumzika mpaka leo. Kwa hiyo mwezi huu maswali ya LUKU na ya mashemeji mnisamehe, yatasubiri, safu nzima ni ya hao wanaoingia Wikipedia kwa mara ya kwanza pamoja na hao wanaowashika mkono. Barua nimezifupisha na majina nimeyatoa.

Kaka habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa kompyuta, sekondari huku Korogwe. Nilichukua kidato cha tatu, wanafunzi 28, kila mmoja nikampa kazi ya kuandika makala moja mpya Wikipedia ndani ya vipindi viwili. Waliandika kweli. Jumatatu tunafungua, makala 19 hazipo na zilizobaki zimebandikwa tangazo kwamba zinasubiri kufutwa. Mmoja kaniuliza "ticha, si ulisema kila mtu anaruhusiwa?" nikakosa jibu. Tumekosea wapi?

Mwalimu pole. Mwambie huyo kijana hujamdanganya ila ulimpa nusu ya habari, ni kweli kila mtu anaruhusiwa kuhariri, na kila mtu mwingine anaruhusiwa kuihariri kazi yako dakika hiyo hiyo.

Mimi mwenyewe makala yangu ya kwanza ilikuwa ya mtaa niliokulia, aya nne tamu kweli kweli, nimeweka mpaka mzee wa kahawa na timu ya mchangani na ugomvi wa bomba la maji, haikumaliza nusu saa ikaondoka. Nilinuna. Miezi miwili sikugusa. Kilichonirudisha ni kitu cha ajabu, nilikuwa nasoma makala ya muhogo nikaona herufi moja imekosewa, nikairekebisha, kesho yake nikaenda kuchungulia nikakuta bado ipo, wiki ikapita bado ipo, nikajisikia kama nimepigilia msumari kwenye nyumba ya watu na nyumba imeukubali. Ile makala ya mtaa haikuwa na chanzo hata kimoja, leo hii ningeifuta mimi mwenyewe.

Kosa lenu ni hilo tu, kumpa mgeni makala mpya iwe kazi yake ya kwanza. Ni sawa na kumfundisha mtu gari kwa kumwanzishia mteremko wa Kitonga. Makala mpya inataka kila kitu kwa pamoja, mada inayostahili kuwa na makala, vyanzo, lugha isiyoegemea upande, mpangilio, jamii za chini kule mwisho, yaani makundi ya mada makala inamoingia, viungo, yaani hata wazoefu tunasahau baadhi. Na mtazame upande wa pili pia. Wakabidhi, wale wanaosimamia, ni watu wachache wanaojitolea, mtu katoka kazini kwake kachoka anafungua ukurasa wa mabadiliko ya karibuni anakuta akaunti 28 mpya zimemwaga makala 28 zisizo na chanzo ndani ya saa moja na nusu, yeye atajuaje kwamba hilo ni darasa la Korogwe na si wahuni? Ndo maana siku mbili tatu kabla ya kipindi unatakiwa uandike kwenye ukurasa wa Jumuiya, mistari mitano inatosha, mimi ni mwalimu, tarehe fulani saa fulani nitakuwa na wanafunzi kadhaa, watafanya hiki na hiki, wakikosea nistueni mimi. Utashangaa wanavyobadilika. Wengine watakaa macho kuwasubiri watoto wawakaribishe.

Halafu habari njema, maandishi ya makala iliyofutwa hayajapotea. Mkabidhi bado anayaona na anaweza kuyarudisha, kwa hiyo mwandikie kistaarabu, mpe majina ya makala, muombe aziweke kwenye kurasa za majaribio za wanafunzi husika, kule chini ya majina yao ya utumiaji, mzitengeneze taratibu bila mtu kuwakimbiza.

Sasa kipindi kijacho fanya hivi, mimi ndo ninavyofanya. Wakae wawili wawili kwenye kila mashine. Mwambie kila mmoja afungue makala ya kata anayotoka, makala za kata za Tanzania zipo nyingi sana na nyingi ni zile tunaziita mbegu, mistari miwili mitatu basi, kata ipo wilaya fulani mkoa fulani na idadi ya wakazi. Atakuta pengine idadi ni ya sensa ya 2012. Hapo hapo ana kazi, kwa sababu sensa nyingine ilifanyika 2022 na Ofisi ya Taifa ya Takwimu imetoa ripoti yake yenye idadi ya watu mpaka ngazi ya kata, wewe uwe umeipakua mapema uiweke kwenye kila mashine bando lisije likakuaibisha katikati ya kipindi. Mtoto anatafuta kata yake kwenye jedwali, anabonyeza Hariri, anaongeza sentensi moja ya 2022 juu ya ile ya 2012, ile ya zamani haifuti maana nayo ni taarifa, halafu anabonyeza kile kitufe chenye alama za nukuu anaweka chanzo, anaandika muhtasari, "nimeongeza idadi ya wakazi sensa ya 2022", anachapisha. Dakika 20, pamoja na kucheka.

Hapo kwenye chanzo nikutahadharishe. Juu ya ukurasa kuna Hariri na kuna Hariri chanzo, na vijana wote, narudia wote, wakisikia "weka chanzo" wanakimbilia Hariri chanzo wanakutana na mabano na nyota na misimbo wanaogopa. Hicho chanzo ni kingine, maana yake maandishi ya ndani ya ukurasa. Nani alichagua neno moja lifanye kazi mbili sijui lakini ndo hivyo, waambie mapema.

Na kipengele cha kuhakiki kabla ya kuchapisha usikiruke. Kijana wangu mmoja alikosea mstari kwenye jedwali akachukua 61,741,120 akaibandika kwenye kata yake, hiyo ni idadi ya Tanzania nzima, bara na visiwani. Alipohakiki akaisoma kwa sauti mwenyewe, akanyamaza, akasema "anko hii kata imejaa." Tulicheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Lakini kaiona yeye, sikumwonyesha mimi, na tangu siku hiyo hakuna anayehakiki namba za wenzake kama yeye.

Mwisho wa kipindi wafungue Historia ya makala. Akiona jina lake pale na saa na alichokifanya, hapo ndo utasikia kelele darasani. Wiki ya pili mwambie aongeze kitu kingine kwenye kata ile ile. Wa Mombo kwa mfano anajua kabisa kwamba pale ndipo barabara ya kupanda Lushoto inapoachana na barabara kuu, analijua tangu mtoto, kazi yake ni kutafuta ni kitabu gani au gazeti gani limeandika hivyo. Hicho ndo kipindi chenye kazi, wiki ya pili, kwa sababu wiki ya kwanza namba unazikuta tayari kwenye jedwali. Makala mpya iache mpaka mwezi wa pili wa klabu huko, na waandike wanaotaka tu.

Mwalimu wa klabu, Mwanza: Tulikuwa tunafungua akaunti kwenye maabara, wanafunzi sita wakafanikiwa, wa saba mashine ikakataa, wa nane ikakataa, mpaka mwisho. Tatizo ni kompyuta zetu?

Kompyuta zenu nzima. Wikipedia inaruhusu akaunti sita tu kufunguliwa kwa siku moja kutoka anwani moja ya intaneti, na maabara yenu yote kwa nje inaonekana kama anwani moja. Ni kinga dhidi ya watu wanaofungua akaunti mia za fujo. Dawa rahisi, kila mtu afungue akaunti nyumbani siku kadhaa kabla, kwa simu ya mama au ya kaka. Wa bweni ambao simu hawaruhusiwi, wafungulie sita leo sita kesho. Au ukitoa taarifa mapema, wahusika wanaweza kuwaondolea hicho kikomo kwa siku yenu hiyo.

Kuna jingine linafanana na hilo, unaweza kuambiwa anwani yako imezuiwa kuhariri wakati hujafanya lolote. Makampuni ya simu yanawapa wateja wengi anwani moja kwa zamu, mmoja akifanya uhuni mnazuiwa wote, na ukiwa umewasha VPN ndo kabisa. Zima VPN kwanza. Ikigoma, kwenye tangazo la zuio kuna maelezo ya namna ya kuomba kufunguliwa, soma, omba, usianze kugombana.

Na kama bando ni shida, kuna programu inaitwa Kiwix inakuwezesha kupakua Wikipedia ya Kiswahili yote mkasoma bila intaneti. Kuhariri humo huwezi lakini kusoma na kutafuta makosa mnaweza, mnayaandika kwenye daftari, siku ya intaneti mnaingia mkijua mnachofuata.

Hapo hapo kaka, hatuwezi kutumia akaunti moja ya darasa? Tumeshaifungua.

Hapana. Akaunti moja mtu mmoja, ndo utaratibu. Na mmoja wenu akiharibu, mmezuiwa darasa zima.

Mzazi, Moshi: Mwanangu ana miaka 15 anataka kujiunga na hiyo kitu. Atakutana na watu gani huko? Picha zake zitaonekana?

Mama shikamoo. Ni sehemu salama kuliko mitandao mingi anayoshinda akiikodolea, kwa sababu kila kinachosemwa kwenye kurasa za majadiliano kinaonekana na kila mtu na kinabaki. Jina la akaunti lisiwe jina lake halisi. Kwenye ukurasa wake wa mtumiaji asiandike shule, kidato, umri, wala namba ya simu, wala picha yake asiweke, hakuna anayemdai hivyo vitu. Barua pepe si lazima ila aiweke, akisahau nywila bila barua pepe akaunti imekwenda na maji. Iwe ya kwako. Mtu akimwambia wahamie WhatsApp, akuite wewe kwanza.

Mwanafunzi, Mombasa: Niliandika makala nikatumia neno tarakilishi, mtu akabadilisha akaweka kompyuta kote. Nikarudisha. Akabadilisha tena. Nikarudisha tena. Sisi shuleni tumefundishwa tarakilishi na mtihani tunaandika tarakilishi. Nani ako sahihi?

Nyote wawili, na hapo ndo shida ilipo. Kenya shuleni ni tarakilishi, Tanzania mtaani na ofisini na kwenye bango la fundi ni kompyuta, na Wikipedia ya Kiswahili ni moja, haina ya Kenya na ya Tanzania, wala ya Bujumbura na ya Lubumbashi. Tunabanana humo humo.

Sasa wewe na mwenzio mkiendelea kurudishiana hivyo, mkabidhi akipita atawafungia nyote bila kuuliza tarakilishi ni nini. Acha makala ilivyo, hata kama imebaki na neno lisilo lako, inauma najua. Bonyeza Majadiliano juu ya makala, andika kwa upole, mimi natoka Kenya, neno hili ndilo linalotumika vitabuni kwetu, naomba mwanzoni tuyataje yote mawili halafu tuendelee na moja. Weka sahihi yako kwa zile alama nne za mawimbi (~~~~), jina na saa vitajiandika vyenyewe. Kisha tengeneza ukurasa wa kuelekeza, mtu akitafuta tarakilishi afike kwenye makala ile ile. Msomaji wa Mombasa hapotei na wa Mbeya hapotei.

Mimi binafsi ni mtu wa kompyuta, nikisikia tarakilishi naona kama kitu cha kuhesabia kura. Lakini hayo ni yangu.

Mwanachuo, Dodoma: Mimi natafsiri makala kutoka Kiingereza, natumia kile kifaa cha kutafsiri ndani ya Wikipedia yenyewe, naweza kumaliza makala sita kwa usiku mmoja. Lakini nimeandikiwa ujumbe kwamba nipunguze. Si wanataka makala ziwe nyingi?

Sita kwa usiku mmoja mdogo wangu hutafsiri, unabonyeza.

Kifaa ni kizuri, nakitumia, kinaandaa rasimu na kinahamisha viungo na vyanzo na kwenye historia kinaweka kumbukumbu kwamba makala imetoka wapi, ambayo ni lazima, maana leseni ya Wikipedia inaruhusu kuchukua kazi ya mwenzio ila sharti umtaje. Ila rasimu ya mashine ni unga, bado hujasonga ugali. Juzi nimesoma kijiji "kilichopo kwenye benki ya mto". Benki! Mwandishi wetu mashine imemletea neno la Kiingereza ambalo ni benki na pia ni ukingo, ikachagua la pesa, na yeye hakusoma. Chini yake kuna mwanamuziki "aliyeachilia albamu", kama vile alikuwa kaifungia bandani. Na hizo ni zile za kuchekesha, zinazonitisha mimi ni zile sentensi ambazo kila neno ni Kiswahili na bado huelewi kitu, yaani unasoma mara tatu unaona mwandishi yupo mbali anapunga mkono.

Chukua makala moja. Soma aya ya Kiingereza, funika skrini, mweleze mtu uliyekaa naye, roommate wako, kwa mdomo. Hicho ulichosema kiandike. Halafu fungua tena aya uhakikishe hujabadilisha ukweli, namba na tarehe. Makala ndefu usiibebe yote, aya tatu za mwanzo nzuri zinamsaidia msomaji kuliko kurasa nane za benki ya mto. Istilahi zikikushinda tafuta kamusi za TATAKI, ile taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na za BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, kabla hujatunga neno lako mwenyewe usiku wa manane, usanisinuru ipo, seli ipo, vingi vipo.

Na kwa wale mlioniuliza kuhusu hizi programu za akili mnemba zinazoandika makala nzima, jibu langu ni hilo hilo na kuongeza moja, zinatunga vyanzo. Inakupa jina la kitabu, mwandishi, mwaka, ukurasa, unakwenda kutafuta kitabu hakijawahi kuwepo duniani. Chanzo ambacho hujakifungua kwa macho yako usikiweke.

Mwanafunzi, Pangani: Shikamoo. Bibi yangu anajua jina la kijiji chetu lilitoka wapi, alihadithiwa na babu yake. Nimeandika, nikaweka chanzo "bibi yangu", kimeondolewa. Bibi si mwongo.

Marahaba mwanangu. Bibi si mwongo, na barua yako ndo imenikalisha muda mrefu kuliko zote.

Utaratibu wa Wikipedia ni kwamba msomaji yeyote, akiwa Pangani au Muscat, aweze kwenda kuhakiki mwenyewe kile ulichoandika. Bibi yako tunaweza kumhakiki vipi? Kijiji cha pili kuna bibi mwingine ana hadithi tofauti ya jina lile lile, naye babu yake hakuwa mwongo. Kwa hiyo kinachotakiwa ni kitu kilichochapishwa na mtu mwingine. Ni sheria inayoumiza sana sehemu zetu, kwa sababu mengi yetu yapo vinywani, na vitabu vilivyoandikwa kutuhusu vingi viliandikwa na waliokuja kututawala. Nalijua hilo na bado naona sheria ina maana, bila hiyo kila ukoo ungeandika kwamba wenyewe ndo walifika kwanza.

Cha kufanya. Kwanza mrekodi bibi, leo, hata kwa simu, hiyo si ya Wikipedia, ni yenu. Pili anza kuwinda. Kuna tasnifu za wanafunzi wa vyuo vikuu kuhusu majina ya mahali, nyingi zipo wazi kwenye intaneti kupitia maktaba za vyuo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwemo. Kuna jarida la zamani la Tanganyika Notes and Records lililoanza 1936, humo watu waliandika mpaka habari za visima vya vijiji. Kuna gazeti la Mambo Leo lililoanza 1923, wasomaji wa kila pembe walikuwa wakituma habari za kwao. Ukipata hata sentensi moja inayogusa kijiji chenu umepata mlango. Tatu, piga picha, msikiti wa zamani, soko, kivuko, miembe, uipandishe Wikimedia Commons, ghala la picha huria zinazotumika Wikipedia, picha uliyopiga mwenyewe haidaiwi kitabu, ni yako na unaitoa kwa leseni huria, makala ya kijiji chenu itapendeza. Usichukue picha Google ukasema ni yako, watajua.

Bongo fleva, Temeke: Nina nyimbo 4 YouTube. Nikijiandikia makala Wikipedia itasaidia nipate shoo?

Itafutwa kabla hujamaliza kuwatumia washkaji linki. Subiri magazeti na redio waanze kukuandika wenyewe, wakishakuandika ataandika mtu mwingine. Kila la heri na ya tano.

Mwenyekiti wa klabu ya wanafunzi, Nairobi: Tunataka kuandaa shindano, atakayeandika makala nyingi zaidi apewe simu. Unatushauri nini?

Nakushauri simu hiyo mnunue vocha.

Hii imeshajaribiwa. Mwaka 2009 Google walianzisha shindano la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania, zawadi za kueleweka. Makala zilimiminika kweli, mpaka leo ukichimba unakutana nazo, na baadhi ni nzuri, siwanyimi haki yao. Lakini shindano lilipofungwa 2010 wengi wa waliokuwa wakiandika kwa kasi ile hawakuonekana tena, na waliobaki na kazi ya kusafisha, kuunganisha makala mbili za kitu kimoja na kuondoa zilizonakiliwa, ni wale wale wachache wa kujitolea waliokuwepo kabla. Ukilipa kwa idadi utapata idadi. Mtu akijua simu iko kwenye makala ya 50 hana muda wa kutafuta chanzo cha makala ya 12.

Mkitaka zawadi basi hesabuni vingine. Mfano aliyeongeza vyanzo kwenye makala zilizokuwa hazina. Aliyerudi wiki sita mfululizo hata kama kila wiki sentensi moja. Na anayesaidia wengine, huyu anasahaulika kila siku, yule dada anayeacha mashine yake anakwenda kumwelekeza mwenzie. Zawadi iwe bando la mwezi ili ahariri, siyo simu ili atoweke.

Nanyi Nairobi hamna kisingizio cha kukosa watu, Agosti 2025 Wikimania yenyewe, ule mkutano wa kila mwaka wa watu wa Wikipedia duniani, ilifanyika hapo hapo mjini kwenu, wazoefu wapo wamejaa. Tanzania nao kuna kundi la Jenga Wikipedia ya Kiswahili. Waiteni wazoefu wawili waje wakae nyuma ya darasa. Waambieni tu wasihutubie, mzoefu akianza historia ya Wikipedia tangu 2001 wanafunzi wanalala.

Msomaji, Tabora: Mwanangu kaniuliza, kwa nini inaitwa Wikipedia, inatoka kila wiki?

Haha, mpe soda. Hiyo wiki ni neno la Hawaii maana yake haraka, kuna mabasi ya uwanja wa ndege wa Honolulu yaliitwa Wiki Wiki, na Mmarekani Ward Cunningham akalichukua mwaka 1995 kuita tovuti yake ambayo msomaji anaweza kuihariri palepale. Wikipedia imekuja 2001, ya Kiswahili 2003. Haisubiri wiki.

Mwanafunzi, Iringa: Anko shikamoo. Niliongeza sentensi kwenye makala ya Bibi Titi Mohamed, niliandika alikuwa mama shupavu asiye na mfano ambaye Watanzania wote tunampenda. Ikaondolewa, muhtasari umesema "si lugha ya kamusi elezo". Kwani Wikipedia haiwapendi mashujaa wetu? Nataka kuacha.

Marahaba. Usiache kwanza, soma.

Sentensi yako mimi naikubali, ila angalia inamwambia nini mtoto wa Kigoma asiyemjua Bibi Titi. Inamwambia wewe unampenda. Hajui kafanya nini. Sasa jaribu hii, Bibi Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam 1926, miaka ya 1950 aliongoza tawi la wanawake la TANU na kuwaingiza wanawake wengi kwenye chama kabla ya uhuru, baadaye akashtakiwa kwa uhaini akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa 1972, akafariki Johannesburg mwaka 2000. Hakuna neno shupavu hata moja hapo. Umeona lakini?

Aliyeondoa sentensi yako hana shida na wewe, na ameandika sababu, wengine hata sababu hawaandiki. Ya kwako haijapotea, ipo kwenye Historia. Tafuta kitabu kimoja kinachomtaja, maktaba ya mkoa ipo hapo Iringa, chagua jambo moja tu ambalo makala haijalisema, liandike kwa sentensi moja na ukurasa wa kitabu. Kisha ingia kwenye ukurasa wa majadiliano wa huyo mtu, mwandikie, "habari, ni mimi wa juzi, nimejaribu tena, naomba uitazame." Nitumie na mimi jina la akaunti yako, Jumamosi nitaifungua makala hiyo na vijana wangu tuone umeweka nini.